Uzito Usioandikwa

Wabwire aliziweka sukani mbili juu ya gunia
kama mtu anayekuonyesha samaki wawili
akijua una fedha ya mmoja.
"Hii feleji. Hii alumini.
Chagua kabla sijafunga, mvua inashuka Wanale."

Nikaigonga ya kwanza kwa spana:
ikalia kwa muda mrefu, kengele ya shule
siku ambayo hukufanya hesabu.
Nikaigonga ya pili.
Kop, ikasema.
Sufuria tupu. Jikoni kwetu, mwisho wa mwezi.

Baiskeli yangu haina breki.
Watu wakisikia hivyo hucheka, kisha hunyamaza.
Gurudumu likienda, pedali inaenda,
pedali ikienda, goti halina ruhusa ya kukaa;
na pale nyuma ya kinu cha pamba kilichokufa,
kwenye duara la udongo mwekundu
tulilolishindilia wenyewe kwa pipa la mchanga,
kitu pekee ninachokishika duniani ni usukani.
Basi sichagui pambo.

Nambozo anayo ya alumini.
Filimbi ikilia anasimama juu ya pedali, anavuta,
na baiskeli yake inaruka kidogo
kama mtoto aliyeitwa chakulani.
Yangu huitika kama mjomba: nakuja, nakuja.

Nikavuka barabara, zote mbili begani,
hadi kwa Magombe, mnunuzi wa kahawa.
Akaziweka kwenye mizani ileile
inayoupima mlima, msimu kwa msimu.
Alumini kwanza. Kisha feleji.
"Zimepishana gramu mia mbili na tisini."
Nikakitazama kidole chake gumba
kilivyojiegemeza chini ya sahani,
bila nia mbaya, kwa mazoea tu.
"Toa kidole."
Akatoa. Hata hakukohoa.
"Mia tatu na arobaini."

Hamsini, basi.
Hamsini mara madebe mangapi,
mara misimu ishirini na miwili
ambayo mama yangu aliteremka na gunia kichwani,
shingo ikijua jambo ambalo karatasi haikujua.
Alifika kila mara.
Alifika na uzito usioandikwa popote.

Nilirudi nikiwa nimekasirika, na hasira
si njia nzuri ya kununua chuma.
Wabwire alifungua vifungo viwili vya shati:
mfupa wa bega uliounga vibaya,
kama kiraka cha mwanafunzi wake wa kwanza.
"Alumini," alisema, "haiugui. Inakufa tu.
Asubuhi mzima, jioni vipande viwili mkononi
na wewe bado unakanyaga.
Feleji itapinda, italalamika, itakuaibisha mbele za watu,
lakini itakuambia."
Halafu, kwa kuwa ni mfanyabiashara:
"Ila alumini haishiki kutu. Na inang'aa."

Nikalipa ya feleji. Elfu thelathini na tano,
tano nikabaki nadaiwa.

Jumamosi nilikuwa wa pili.
Nusu gurudumu.
Kona ya mwisho niliivuta mpaka usukani ukalia,
ukatoa kijisauti, nyii, pale unapobanwa na shingo,
nikausikia, nikalegeza.
Nambozo hakusikia kitu. Akapita.
Watu wakasema: usukani huo.
Nikasema: mapaja haya.
Sote tulikuwa tunakisia.

Na Jumatatu, sikatai, nilisimama kwa Wabwire
kuuliza bei ya ile nyingine. Kuuliza tu.
Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari, nyeupe, haina kosa.
Elfu tisini, alisema, bila kunitazama,
akiendelea kutia gundi tairi la mtu.

Usiku nikala malewa kwa mkono.
Nilikuwa nimenawa mara mbili.
Bado viganja vilinuka chuma,
na mama, akipokea sahani, akanusa,
akaniuliza kama leo nimelima.