Mnyororo

Tulimwita Bwana Kushoto, na si kwa siasa.
Mguu wake wa kushoto ulichapa sakafu ya gereji yangu
kama nyundo iliyosahau msumari,
mwaka ule wa pampu, alipokuja Masasi kutoka Uholanzi
kuwapandishia maji watu wa Newala,
ambao maji kwao ni habari ya kusimuliwa.
Alikuwa na sanduku la spana. Chini kabisa,
chini ya matambara, soli ya chuma,
imelika upande mmoja.

"Hii," akasema, kwa Kiswahili chake cha kununulia nyanya,
"hii kazi yangu. Miaka kumi na tisa."

Akanieleza. Pikipiki haina breki.
Nikadhani amekosea neno, nikamshikisha breki ya Boksa:
hii? Akasema: hiyo. Haina.
Gia moja. Uwanja wa vumbi. Kamba inaruka juu, mnatoka,
mizunguko minne, kushoto, kushoto tu,
na ukitaka kupinda kushoto unageuza usukani kulia.
Hapo nilicheka hadi mteja akaondoka na tairi lake.
Akachukua chaki akachora kwenye bati la mlango:
gurudumu la nyuma linataka kulipita la mbele,
na wewe katikati, mguu wa chuma chini,
unaamua ugomvi wa wake wenza.

Nikauliza swali la mjini kwetu: ulipata nini?
Akafungua vifungo vya shati akanionyesha risiti.
Mtulinga, mara tatu.
Mbavu, hesabu imempotea.
Kifundo, skrubu mbili za Wajerumani.
Na makombe? Yapo, akasema, binti yangu anatilia vitunguu.
Kisha akawa anafuta plagi iliyokwisha kuwa safi.
"Siku moja, fainali. Mvua. Watu elfu ishirini.
Niliongoza mizunguko mitatu na nusu."
Na ile nusu?
"Ile nusu," akasema, "mnyororo."

Ikaja minada ya korosho. Pesa zikashuka Masasi
bila kuuliza nani ana paa,
na vijana wa bodaboda wakaandaa mbio uwanja wa Boma.
Nandonde, mwenye helmeti ya kioo cha zambarau,
akamwita mzungu mbele ya watu: babu wa pampu.

Usiku ule niling'oa breki kwa mikono hii.
Alinipa hela ya mnyororo mpya.
Nami nikauosha wa zamani kwa dizeli
hadi ukang'aa kama bwana harusi,
na hela ikawa sare ya shule ya Somoe, na viatu, na chenji.
Sijamwambia mtu. Leo nakwambia wewe.

Mzunguko wa kwanza walimzomea.
Wa pili vumbi jekundu lilisimama ukuta
na yeye akatoka ndani yake ubavu ubavu,
usukani kulia, mwili kushoto, cheche chini ya soli,
na akina mama wa mabibo wakaacha kukamua.
Wa tatu Nandonde alikuwa anasoma namba ya mgongo wake.
Halafu, mkabala na goli la upande wa mlima,
nikasikia. Fundi husikia kabla ya wote.
Tak.

Akasukuma pikipiki hadi kwangu, amevaa vumbi.
Akautazama mnyororo, akanitazama mimi, muda mrefu,
kisha akacheka, akacheka hadi ule mtulinga ukamuuma.
"Hata huku," akasema. "Hata huku!"
Wala hakudai hela yake.

Ile soli nanyooshea spoku mpaka leo. Aliiacha.
Mwezi uliopita binti yake alipiga simu,
Kiingereza chake na changu vikakutana katikati,
kwenye neno moja tu.

Jumapili alfajiri nilinunua mnyororo mpya, kwenye boksi lake.
Nikaenda Boma. Nikaanzia lile goli la mlimani
nikamalizia nusu yake, kushoto, polepole.
Breki sikung'oa. Mimi nina watoto.