Nyuzi

Kazi yangu ni nyuzi.
Nafungua mota iliyoungua, nahesabu mizunguko,
naisuka upya kwa waya mwekundu wa shaba
mpaka pampu ya mtu wa Ruashi ikohoe, ikubali.
Sikuwaza kwamba nyuzi ni za kupimia pia
mpaka Kabanga alipoingia na sanduku la kioo,
ndani mjusi wa manjano, madoa ya ndizi iliyopitiliza,
mkia mnene, kope zinazofumba.

Madame Eleni wa duka la vioo anarudi kwao,
kamwachia mtoto mjusi na karatasi moja:
upande wa joto, nyuzi thelathini na mbili;
upande wa kivuli, ishirini na nne;
mchana taa, usiku giza,
lakini giza lenye joto.
Huyu si yule wa ukutani anayekula mbu bila kuomba ruhusa.
Kwao ni mawe na jua. Tumbo lake likipoa,
chenene aliyemmeza anamwozea humo humo.

Mama yake akasoma, akacheka puani:
"Sisi Juni tunalala na makoti. Huyu anataka hoteli."

Nikatoa waya wa pasi iliyokufa,
nikaulaza chini ya kigae, upande mmoja tu,
ili mgeni achague mwenyewe,
maana joto usiloweza kulihama ni chungu, si nyumba.
Kwenye friji mbovu nikang'oa kidhibiti,
kile kinachosema *tik* baridi inapozidi.
Ampuli nikaitundika nje ya wavu
asije akaikumbatia.
Asubuhi Kabanga huwasha, magharibi huzima.
Siku tisa tulikuwa na jua letu, hapa Katuba,
ukubwa wake kama kiganja.

Siku ya kumi Sneli wakachukua umeme.
Hawakusema watarudisha lini. Huwa hawasemi.
Baridi ikaingia kwa chini ya mlango kama mdeni aliyezoea nyumba.
Thelathini.
Ishirini na saba.
Ishirini na moja na nusu.
Kabanga, kitenge mabegani, anazisoma namba kwa sauti.
Mjusi anageuka rangi ya majivu.

Hapo mama yake akaamka.
Hakusema kitu. Akapuliza mbabula uani, akateleka maji,
akazika ndani ya makaa lile jiwe jeusi,
mavi ya shaba, tulilokuwa tukizuilia mlango.
Akajaza chupa mbili, akazijaribu kwa ngozi ya ndani ya mkono,
akazivika soksi zangu. Jiwe akalifunga gunia.
Chupa moja huku, nyingine kule; si karibu hivyo. Sogeza. Hapo.
Mikono yake ilijua umbali.

"Mama, nani alikufundisha?"

Maji yalikuwa yanachemka tena.
Kabanga ni jina la wa pili.
Wa kwanza huitwa Mbuyi, na mtaa mzima unajua kuhesabu.
Kisanduku kile pia kilikuwa cha kioo,
wodi ile pia ilizimika,
na chupa tulizipata,
ila tulizipata alfajiri.

"Shika hapa," akasema. "Saa nane uniamshe tubadilishe."

Saa nane hakuamshwa mtu, hakuna aliyelala.
Mimi nilisimama na tochi, nimeiziba kwa vidole
ili mwanga utoke kidogo, mwekundu, wa damu yangu:
usiku ni giza, karatasi ilisema.
Ishirini na sita.
Ishirini na tisa.
Mjusi akafungua jicho moja, akaliramba,
akavuta mkia wake mnene
akaulaza juu ya soksi.

Umeme ulirudi Alhamisi, saa tano mchana,
jua likiwa limejaa ua mzima.
Kidhibiti kikasema *tik*, hakuna aliyekijibu.

Jiwe halijarudi mlangoni.
Upepo wa Julai unaubamiza mlango usiku kucha,
na mke wangu, asiyependa kelele,
hajauliza liko wapi.