Nyota, Reli

Barua ilitaka jina moja.
Mafunzo ya siku tatu, mjini: ushahidi wa kidijitali.
Chakula kipo. Nauli itarejeshwa.
Nikafungua orodha ya zamu:
saba kwenye karatasi, wanne kwenye miguu.
Masalu yuko mahakamani, shahidi wa kesi ileile mara ya sita;
Koplo Lugata, mgongo; Ng'wasi, likizo ya uzazi.
Nikamwandika Nyanjige, mwenye mwaka mmoja kazini,
kwa sababu, niseme kweli,
ndiye asiyeweza kukataa.

Lindo lake nililishika mimi,
usiku tatu mfululizo hapa Igombe,
wadudu wa ziwani wakimwagika kwenye taa kama pumba,
miaka hamsini na minane ikinilia magotini.

Alirudi na daftari lenye twiga kwenye jalada
na namna mpya ya kukaa kwenye kiti.
"Afande, simu ya mlalamikaji usiiperuzi.
Andika saa kwanza.
Kisha nyota, reli, sifuri, sita, reli:
itakutajia namba yake yenyewe,
kama mtoto aliyepotea mnadani akiulizwa kwao."
Nilicheka.
Mimi nimekamata wezi kwa nyayo za mchangani,
kwa harufu ya petroli kwenye nyavu.
Hakucheka. Alisema, huyu wa sasa hakanyagi.

Akatufundisha pale kaunta, saa nane usiku,
somo likikatwa na mlevi,
na mwanamke aliyekuja na jino lake kiganjani,
na mwenye boti aliyeibiwa mashine.
Somo la dakika kumi. Somo la dakika nne.
Kompyuta ya kituo ingali ndani ya boksi;
juu yake tunaweka birika.

Mwezi wa tano ikaja barua nyingine.
Nayo ilitaka jina moja, ila hili walishaliandika.
Nyanjige, Ukerewe, aripoti ndani ya siku saba.
Niliisoma mbele na nyuma.
Hapakuwa na mstari wa kuuliza
anachokijua anamwachia nani.
Nikajibu "Imepokelewa". Ndivyo tulivyofunzwa, na hilo tulilielewa vizuri.

Kivukoni alinipa daftari,
begi begani, kofia mkononi.
"Ukurasa wa kumi na moja ndio mgumu, afande.
Usiuruke."

Jana asubuhi akaingia Bi Nyangeta, muuza dagaa.
Laki nne na nusu zimetoka kwenye simu yake,
zimeondoka na kijana mpole aliyemwita mama.
Akaiweka simu mezani
kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.
Zamani ningeinyakua, ningebofya kila kilichobofyeka,
ningemfokea kidogo kwa ujinga wake;
ndiyo iliyokuwa pole yetu.
Nikauliza saa. Nikaandika saa.
Nikavaa miwani. Ukurasa wa kumi na moja.
Mwandiko wake umelala upande, kama mtu anayekimbia,
na pembeni kuna doa la chai, nadhani ni langu.
Nikanakili ujumbe wa mwizi, namba ya mwizi,
kisha kidole hiki, kinachojua filimbi na kifyatulio,
kikaanza kutafuta nyota.

Tarakimu kumi na tano.
Nilizisoma moja moja, kwa sauti, mara mbili,
na konstebo mpya, aliyeripoti Jumatatu,
ambaye jina lake bado nalichanganya,
akasogeza kiti.