Pini Tano

Lameki aliituma kwa basi kutoka Arusha:
kiboksi cha biskuti, selotepu imezungushwa hadi imeisha,
na ndani, katikati ya soksi ya mtoto,
prosesa.
"Kizazi cha nne, shangazi. Hiyo yako ni ya enzi za kale."

Ya enzi za kale imeichapia barua Nkuhungu nzima:
maombi ya kazi, mikataba ya viwanja,
katiba ya kikundi cha wakulima wa zabibu, mara tatu,
maana kila mweka hazina alikuja na kifungu chake.
Siku hizi nabonyeza herufi, naenda kukinga maji,
narudi na ndoo kichwani
nayo ndiyo kwanza inatokea.

Mbukwa yuko Barabara ya Saba, nyuma ya wauza matairi.
Aliifungua ubavu, akapuliza,
likatoka vumbi jekundu la miaka minane.
"Mama, humu ungepanda uwele."
Akafuta jina la ubao kwa kidole chenye mate,
akalisoma polepole, kama mtu asomaye jina kaburini,
akaichomoa yangu, akailaza kiganjani
ubavuni mwa ile ya Lameki.

Mapacha, nikasema.
"Mapacha wa mama tofauti."
Akanipa lenzi ya fundi saa.

Miaka yote nilidhani chipu ndiyo yenye miguu.
Kumbe yenyewe ni bapa, ina madoa ya dhahabu tu;
miguu iko chini, kwenye ubao,
imesimama kama majani mafupi mbuzi wakishapita.
"Elfu moja mia moja hamsini na tano," alisema bila kuhesabu.
"Ya kijana wako inataka elfu moja mia moja hamsini.
Na vipengo hivi vya pembeni, unaviona? Havikutani."

Pini tano tu?
"Tano tu."
Si zikae bure, hizo zilizozidi?

Hakucheka. Alinionyesha ubao ulioegemezwa mlangoni
ili upepo usiufunge.
Mhasibu mmoja, mtu mzima na miwani yake,
alikandamiza kwa dole gumba
mpaka majani yote yakalala.

Kisha akaanza kuniuliza.
Pawasapulai ni ya wati ngapi. Feni ni hii hii?
Umeme wa kwenu hukatika mara ngapi kwa wiki?
Wiki ipi, nikasema.
Na kazi yako hasa ni nini?
Nachapa.
"Basi ile kubwa ya wati tisini na tano iache,
feni yako italia kama Agosti."
Mshenga wangu hakuuliza hata nusu ya hayo.

Akavuta droo, akatoa ya kizazi cha tatu, ya mtumba,
elfu arobaini na tano, hapungui.
"Hii inaingia. Ila ubao haujapata kusikia habari zake.
Naurudishia ile kongwe, naufundisha kwa flashi,
ndipo tubadilishe.
Na ukiwa unafundishwa, umeme usikatike. Ukikatika, basi tena."

Tukakaa. Asilimia thelathini. Arobaini na moja.
Kwa wauza matairi kompresa ilikuwa ikinguruma;
kwenye sitini na mbili
ikanyamaza.
Mtaa wote ukanyamaza. Betri ya akiba chini ya meza
ikaanza kulia, tii, tii,
na Mbukwa ameikunja mikono kifuani, haangalii skrini,
anaangalia kalenda ya mwaka juzi.

Mia.

Tone la dawa nyeupe, punje ya mtama.
Akaishusha bila kuisukuma. Ikakaa kwa uzito wake.
Ikalia mara moja, ikawaka.

Usiku Lameki akapiga.
"Shangazi, imekaaje?"
Ile ya kwake nilikuwa nimeirudisha kwenye soksi,
soksi kwenye kiboksi, kiboksi juu ya kabati
pamoja na vyeti.
Imefika salama, nikasema. Mungu akuzidishie.
"Inakimbia?"
Sikia, nikasema,
nikaweka simu karibu na kibodi, nikaendelea kuchapa.