Vyura wa Barabara ya Kinu

Swali lilikuja ndani ya mfuko wa plastiki.
Tuule aliuweka mezani kwangu, juu ya madaftari:
chura aliyesagwa na gurudumu, bapa kama jani.
"Mwalimu, hawa anawahesabu nani?"

Nilikuwa na somo la desimali ubaoni,
na mtihani wa Mei kwenye kalenda,
na jibu lililokwisha kupanda hadi kooni.
Nikalimeza. Lilikwaruza.
"Sijui," nikasema. "Tutajuaje?"

Ilikuwa Aprili, kusini mwa Estonia,
theluji ya mwisho ikichakaa chini ya misonobari.
Darasa la tatu, watoto kumi na mmoja.
Kesho yake ubao haukuwa wangu tena.
Kaarel aliandika VYURA kwa herufi zilizolalia ubavu;
Liidia akachora msitu, bwawa, na lami katikati.
"Wanatoka huku, wanataka kule.
Hawajaingia barabarani kwetu.
Sisi ndio tuliopita njiani kwao."

Kisha wakagombana.
Ilmar alitaka daraja. Tuule alitaka magari yapigwe marufuku,
hata gari la zimamoto, hata la baba yake.
Siku mbili zikaenda na maji.
Mimi nilifunga mikono nyuma, kidole kwa kidole,
kama mtu anayemzuia mbwa asirukie wageni.

Uzio wa kwanza ulikuwa mfupi.
Niliuona ufupi wake tangu ukiwa karatasini
na sikusema, na sijui kama nilifanya vyema,
maana usiku ule, mvua ikinyesha,
tochi saba zilimwona chura jike, dume mgongoni,
akiupanda wavu kama ngazi ya kwao,
akatua upande wa pili, taa zinakuja.

Ilmar ndiye aliyeukata ule wavu.
Hakula asubuhi.
"Ulipimaje?" nikamuuliza.
"Nilipima kwa goti langu."
Akanyamaza kitambo, akivuta uzi wa sweta.
"Ilibidi nipime kuruka kwao."

Ndipo desimali zikaja zenyewe, bila kuitwa:
sifuri nukta tatu, sifuri nukta nne tano,
zimeandikwa kwa penseli iliyolowa,
na ole wako ukisogeza nukta ya Liidia.

Bwana Kuusik alikuja kulalamika.
Mwanawe analala saa nne, mikono inanuka tope,
kitabu cha mazoezi ni cheupe kuanzia ukurasa wa arobaini.
Nilimwonyesha daftari la vyura.
Alilitazama kwa adabu, akavaa kofia yake.
Hakuridhika. Hajaridhika hadi leo,
na zipo siku ninapopita kwenye ule ukurasa mweupe
nami nikaona baridi.

Barua kwa halmashauri waliiandika mara sita.
Mimi niliongeza koma moja; waliijadili, wakaifuta.
Jibu lilikuja na muhuri:
barabara haitafungwa, ila kitawekwa kibao,
mwendo wa pole, usiku, kwa wiki tatu.
Nilipiga makofi. Nilipiga peke yangu.
"Tuliomba ifungwe," Kaarel akasema,
akachukua karatasi nyingine.

Waliovushwa kwa ndoo: mia nne na kumi na wawili.
Waliokufa: tisini na watatu.
Mkaguzi alishauri idadi ya pili isibandikwe ukutani,
inahuzunisha.
Wakapiga kura. Ikabandikwa,
wino uleule, ukubwa uleule.

Usiku wa mwisho nilikwenda nao,
nimevaa fulana ya kung'aa iliyonibana,
nikiwa na ndoo yangu na tochi kubwa ya mume wangu,
tayari kuwaonyesha mahali.
"Mwalimu," Tuule akanong'ona bila kugeuka,
"zima hiyo. Unawamulika machoni."

Nikazima.
Nikawafuata gizani, hatua moja moja,
nikiuliza pa kukanyaga.