Tope la Kuazima

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki.
Wahenga hawakupata kushika zamu ya usiku
kwenye mabwawa ya Colonia Severina,
mbali na bahari yoyote,
penye ng'ombe wengi kuliko watu
na upepo wa Julai, mwezi wa baridi huko,
unaofikisha kila kitu mlangoni kwa Nélida Bertoglio.

Yeye hunusa kama wengine wasomavyo gazeti.
Alfajiri, sabuni na kahawa.
Jumamosi, mafuta ya nyama choma,
na divai iliyokataliwa na tumbo la mtu.
La nani? Hajui. Bomba halina majina.
Ni moja tu, pana, la zege,
la meya na la mkamua ng'ombe.

Kinywaji chao kinaitwa mate
(usicheke: ni majani machungu, kibuyu, na mrija wa chuma).
Anakifyonza huku jicho lake limezama kwenye hadubini.
Tone moja la tope, na ndani yake wafanyakazi wake,
wasiolipwa, wasiogoma,
wenye nywele, wenye mikia, wenye vinywa kama kengele,
wanaokula tulichomaliza kula.
Wanataka hewa tu,
na chakula kisichozidi.

Alhamisi usiku kiwanda cha jibini kilifungua koki.
Lita elfu ishirini za maji ya maziwa,
matamu, meupe, unaweza kumnywesha mtoto.
Karamu nayo huua.
Saa nane mshale wa hewa ukalala kwenye sifuri.
Povu likapanda ukuta, likaruka uzio,
likatua juu ya magari kama sufi.
Kulipokucha bwawa lilikuwa jeusi.
Chini ya hadubini, hakuna aliyesogea.
Nguo kambani zikanuka. Mji ukapiga simu.
Meya akapiga simu, mara tatu.
Kiwanda hakikupiga simu.

Kuna vitu haviuzwi dukani.
Moto wako ukizimika
unachukua kigae, unakwenda kwa jirani kuomba kaa.
Na jirani ni Los Chañares,
ambao Severina haiwasalimii
tangu penalti ile, mwaka ule.

Nélida aliendesha lori la tangi mwenyewe.
Abelardo Fantín alimpokea langoni, mikono mfukoni.
Akatazama jina la mji ubavuni mwa lori.
Akatazama buti zake.
"Wenu wamekufa?"
"Wote."
Akavuta mpira mnene, akafungua valvu,
na tope la Los Chañares, la kahawia,
lenye harufu ya shamba lililonyeshewa,
likaingia tangini likiguna.
Alipouliza malipo, Abelardo alikuwa ameshageuka.
"Endesha haraka," alisema. "Hawa wanapumua."

Siku tisa alilala kitini, viatu miguuni,
mashine za hewa zikikoroma kumzidi.
Siku ya kumi akachota bilauri mwisho wa mfereji,
pale maji yanapouaga mji na kuingia kijito,
akaiinua juani,
akaona, upande wa pili wa maji,
kucha yake iliyovunjika.

Hakuna aliyepiga simu.

Jumapili miji miwili ilikutana uwanjani.
Nélida alikuwa zamu, redio dirishani.
Kufikia mapumziko Severina ilishafungwa mawili,
na jukwaa zima lilikuwa likiwatukana Los Chañares:
kipa wao, mama zao, vumbi la barabara yao.
Kisha watu wote, kwa pamoja, wakakimbilia vyooni.
Akaona maji yakipanda kidole kizima kwenye kipimo.

Na mle bwawani wazaliwa wa Los Chañares
wakapokea kilicholetwa,
wakala.
Hawakuuliza ni cha nani.