Daftari la Lango

Mchungaji Asiligwa ana chati ya manila
aliyoitundika kwa misumari minne pale Kawangware,
kanisa la mabati nyuma ya kinu cha unga:
mnyama wa vichwa saba kwa kalamu nyekundu,
pembe, mishale, miaka iliyojumlishwa
ikafutwa, ikajumlishwa tena.
Safari hii, anasema, hesabu imekubali.
Ni mwezi huu, mvua zikishika.

Nami nasikiliza huku kope zinaanguka,
maana nimetoka zamu.

Ndugu yetu Muthengi aliuza cherehani.
Alisema nguo za huko hushonwa bila uzi.
Kodi hakulipa, madaftari ya watoto hakununua,
akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
akitazama upande wa Ngong
kama mtu anayengoja simu.
Tarehe ikaja. Ikaleta manyunyu,
na wakala wa nyumba na kufuli mpya.

Sikumcheka. Nilimpelekea unga
na lile koti langu la ziada, lenye nembo ya kampuni.
Kungoja ndiyo kazi yangu, naijua gharama yake.
Miaka kumi na mmoja nakesha kwenye lango jeusi, Lavington,
na niwaambie jambo moja walimu wa chati:
anayekesha hatazami mbingu.
Anatazama bawaba. Anapima kufuli kwa kidole gumba.
Anamwaga chai iliyopoa, anatia nyingine.
Anaandika daftarini: nambari ya gari, jina, saa.
Akisinzia, anasinzia wima,
sikio moja kaliacha nje.

Lakini ile habari ya mwivi wa usiku
hunisumbua, Bwana, kuliko yule mnyama.
Ulisema utakuja hivyo.
Nami kwa ajili ya wezi nimepewa rungu.
Nimepewa firimbi, na mbwa aitwaye Jenerali,
na kitufe chekundu cha kuita gari la askari.
Sasa ukija kwa njia hiyo
nitakujuaje kabla sijakupasua kichwa?

Hilo nililiuliza usiku wa Jumanne,
mto Kirichwa umefurika, stima zimepotea mtaa mzima,
nikasikia kitu kikikwaruza chini ya ua wa michongoma.
Jenerali akanguruma. Nikainua rungu.
Nikawasha tochi.

Mvulana. Miaka tisa, labda kumi.
Chupa ya gundi shingoni,
viatu viwili, vyote vya kushoto,
gunia limemganda mgongoni.
Hakukimbia. Alijikinga uso kwa mkono
akangoja.

Mkono wangu ulibaki juu muda mrefu
kuliko ninavyopenda kusema.

Kibanda changu kina kiti kimoja. Alikalia hicho.
Kina kikombe kimoja. Alinywea hicho.
Sheria ya kampuni iko ukutani, imefunikwa plastiki:
haruhusiwi asiyehusika.
Nikaisoma tena kwa tochi, neno kwa neno,
na kwa mara ya kwanza sikuielewa.

Saa kumi na moja mvua ikakatika, naye akaondoka
bila kuaga, na nusu ya mkate wangu.
Kamera ya betri iliona yote.
Nilikatwa mshahara wa siku mbili.
Mchungaji anasema kuna hesabu mpya.
Muthengi ameazima cherehani, anashona sare za muhula wa pili,
haongei sana.

Nami nimerudi langoni. Nimenunua kikombe cha pili.
Ukurasa wa Jumanne upo, msimamizi akitaka aukague:
Saa tisa na robo. Mgeni mmoja, kwa miguu.
Jina: hakusema.
Anakwenda kwa nani:
hapo niliandika, nikafuta, nikaandika tena,
kama Mchungaji na miaka yake.